Nuru Inayotembea: Mandhari za Tokihiro Satō

Katika upigaji picha wa mandhari, yaani wa milima, misitu na fukwe, nuru kwa kawaida hungojewa: mpiga picha hutega kamera yake, akasubiri jua lishuke au ukungu uondoke, kisha akabonyeza kitufe. Tokihiro Satō, msanii wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1957 katika mji wa Sakata, mkoani Yamagata, huibeba nuru mkononi na kuipeleka anakotaka, jambo ambalo pengine si la ajabu kwa mtu aliyesomea uchongaji wa sanamu mjini Tokyo kabla ya kuigeukia kamera.

Kamera yake ni kubwa, ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, na kila kipande cha filamu yake kina inchi 8 kwa 10. Mchana lenzi hufunikwa kwa kichujio, yaani kioo kilichotiwa giza ili kupunguza mwanga unaoingia, hivyo filamu huweza kuachwa wazi kwa saa moja hadi tatu bila kuungua. Katika muda huo Satō huingia ndani ya mandhari yenyewe akiwa na kioo cha kujitazamia, akasimama kando ya mti, akakigeuza kioo polepole hadi miale ya jua irudi moja kwa moja kwenye lenzi, kisha akasogea hatua chache na kurudia. Gizani hutumia kurunzi. Kwa kuwa filamu hulimbikiza mwanga kidogo kidogo, mwili unaopitapita hauachi alama, ilhali mmweko wa kioo, kwa ukali wake, huacha nukta nyeupe papo hapo.

Mfululizo huu huitwa Photo-Respiration, jina linalounganisha picha na upumuaji. Laweza kusikika kama la kujikweza, lakini kila nukta ni kituo kimoja cha mtu anayehema njiani. Baharini, ambako humlazimu kuogelea na kioo chake, mawimbi ya saa nzima hulainika yakawa kama moshi. Picha za msitu wa Shirakami, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, zina nguvu zaidi, kwani nukta zinazofifia kati ya mashina huupa msitu kina ambacho jicho huweza kukipima. Anayezitazama kwa mara ya kwanza na aanze na nukta iliyo karibu, azifuate moja moja hadi ya mwisho: huko ndiko Satō alikopita.