WOSIA UKIWA UKIMBIZINI: UNAGHARIMU KIASI GANI?



Katika kuzunguka nyumba kwa nyumba tumeulizwa swali moja na watu wengi, hasa wazee: kuandika wosia hapa kambini ni shilingi ngapi? Wengine wameambiwa ni lazima kumtafuta wakili mjini Kasulu au Kigoma. Wengine wameambiwa wosia wa mkimbizi hauna nguvu mpaka upigwe muhuri. Wapo waliokwisha kuuza mbuzi ili wapate fedha hizo. Ukurasa huu unaeleza ni kitu gani hulipiwa, ni kitu gani hakilipiwi, na ni gharama ipi ambayo watu hawaioni mpaka imewafika mlangoni. Tunazungumza zaidi na wale waliotoka Kongo. Ndugu zetu wa Burundi wafike ofisini, kwa sababu taratibu za mirathi za kwao ni tofauti.

Jibu fupi ni hili: wosia unaweza kuandikwa kwa karatasi ya daftari na kalamu ya wino bila kumlipa mtu yeyote.

Mzee mmoja wa zoni yetu hakulijua hilo. Alikuwa na parseli Baraka na shamba nje ya mji. Alimlipa karani wa sokoni ampigie wosia kwa mashine, karatasi mbili safi, zenye muhuri wa mviringo chini. Alipotuletea tuusome, tuliona mambo mawili. Hapakuwa na shahidi hata mmoja. Tena maneno yote yalikuwa ya mashine, isipokuwa sahihi yake. Sheria ya Familia ya Kongo, iliyotungwa mwaka 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, inakubali wosia ambao mtu ameuandika peke yake nyumbani, lakini kwa sharti kwamba wote uwe umeandikwa kwa mkono wa mwenyewe, uwe na tarehe, na uwe na sahihi yake. Wosia wa mashine si wosia wa mkono. Ule muhuri, ambao ndio uliomfurahisha mzee, haukuongeza kitu. Bahati nzuri alikuwa hai na anajua kuandika. Aliandika upya mchana mmoja, mbele ya mashahidi. Fedha yake haikurudi.

Kwa hiyo karatasi ya bei ilikuwa dhaifu kuliko karatasi ya bure. Ndiyo maana tunasisitiza: kabla ya kutoa fedha, uliza kwanza.

SHERIA YA NCHI GANI?

Hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu mali ya mkimbizi mara nyingi iko katika nchi mbili. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliujiunga mwaka 1964, unasema katika kifungu cha 12 kwamba hali ya mkimbizi kama mtu binafsi hutawaliwa na sheria ya nchi anamokaa. Kifungu hicho hicho kinasema haki ulizokwisha kuzipata, hasa zile za ndoa, ziheshimiwe. Mama aliyeolewa Fizi bado ni mke hapa Kigoma. Lakini kiwanja kilichoko Uvira hakikuvuka ziwa pamoja nasi. Kitaamuliwa huko kilipo, kwa sheria ya huko.

Usihangaike kuchagua sheria. Andika wosia mmoja unaotosheleza pande zote mbili. Kwa ajili ya Kongo, andika wote kwa mkono wako, weka tarehe na sahihi. Kwa ajili ya Tanzania, weka mashahidi. Sheria za wosia za kimila za Tanzania, zilizotangazwa mwaka 1963, zinataka anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Mashahidi nao wawe wanajua kusoma na kuandika. Asiyejua kuandika anatakiwa awe na mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, naye aweke dole gumba. Usitumie kalamu ya risasi. Shahidi asiwe mtu unayempa kitu, wala mume au mke wa mtu huyo, hata kama ndiye jirani yako mwema kuliko wote.

Lugha isikutie hofu. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo. Mahakama za huko hutumia Kifaransa, na huenda siku moja warithi wakahitaji tafsiri, lakini hiyo ni kazi ya wakati huo. Kuandika Kifaransa usichokielewa vizuri ni hatari zaidi.

Anza hivi: "Mimi fulani, mwana wa fulani na fulani, niliyezaliwa mahali fulani, ninayekaa kambi hii, zoni hii, kijiji hiki, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, ninaandika wosia wangu kwa mkono wangu." Halafu taja watoto wote kwa majina na miaka yao ya kuzaliwa. Wote, pamoja na yule aliyezaliwa nje ya ndoa. Sheria ya Kongo inamhesabu mtoto huyo pamoja na wenzake mradi baba alimkubali kisheria akiwa hai. Ukimficha, unawaachia watoto kesi. Kila mtu aandike karatasi yake. Mume na mke wasiandike wosia mmoja wa pamoja.

PARSELI USIYOIONYESHA NI PARSELI ILIYOPOTEA

Mali ya huko nyumbani inahitaji maneno mengi zaidi, na ndipo watu wanapoandika machache. Wazazi wetu wengi walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996. Sisi tuliozaliwa hapa tunasikia "parseli ya Baba iko karibu na misheni", lakini hatujui ni upande gani wa barabara. Mzazi akifa na kauli hiyo, tutamwonyesha nini mtu aliyejenga hapo?

Andika mtaa na avenyu. Andika jina la jirani wa kulia, wa kushoto na wa nyuma, kama ilivyokuwa mlipoondoka. Andika mpaka ulikuwa nini: mferefi, mwembe, ukuta wa nani. Andika uliipata vipi, kwa kununua au kwa kupewa na mzee gani, na nani alikuwapo. Andika ni nani ulimwachia ailinde, na kama ulimwachia tu au ulimwuzia. Kama una sertifika ya usajili, andika namba yake na jina lililomo. Kwa Kongo ardhi yenyewe ni ya dola, na haki ya mtu juu ya kiwanja mjini huonyeshwa na sertifika hiyo. Wengi hawana, au iliungua, au iko kwa shemeji. Andika hivyo hivyo ilivyo. Chora na ramani ndogo kwa mkono, utie tarehe na sahihi. Kijana atakayesafiri na ramani hiyo ana pa kuanzia.

Kumbuka pia kwamba wosia haukupi ruhusa ya kugawa utakavyo. Kwa sheria ya Kongo, robo tatu za urithi ni za watoto, wa kiume na wa kike sawa. Robo inayobaki ndiyo ya kundi la pili, ambamo wamo mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Baba mdogo anayesema mila inampa nyumba yote, sheria iliyoandikwa haisemi hivyo. Waislamu wanaofuata sheria ya dini yao wanajua kwamba wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na kwamba mrithi haongezewi kwa wosia ila warithi wenzake wakiridhia.

Mali ya hapa kambini haina maneno mengi: cherehani, baiskeli, bidhaa za dukani, mbuzi, fedha iliyo kwenye simu. Namba ya siri ya simu usiiandike ndani ya wosia. Andika madeni. Wengi huandika fedha wanazodai wakasahau wanazodaiwa. Nyumba unayokaa na kiwanja chake hapa kambini huwezi kumrithisha mtu, kwa sababu ardhi si yetu. Kadi ya chakula nayo hairithiwi: akifa mkuu wa kaya, familia iende kutoa taarifa ili kaya iandikwe upya. Kama una watoto wadogo, taja mtu unayependa awalee, baada ya kumwuliza. Ofisi za ulinzi wa watoto bado zitaangalia manufaa ya mtoto, lakini neno la mzazi lililoandikwa husikilizwa.

GHARAMA AMBAZO SI ZA KARATASI

Ukitaka wakili, utamlipa, na ni haki yake. Ukitaka kuhifadhi wosia katika ofisi ya serikali, kuna ada. Hapo ujue kwamba Mkataba wa 1951, kifungu cha 29, unakataza mkimbizi kutozwa ada kubwa kuliko ile anayotozwa raia kwa jambo hilo hilo. Kifungu cha 16 kinakupa mahakama na msaada wa kisheria kama raia. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu mwaka 2017 kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Akikutajia mtu "bei ya wakimbizi", usilipe.

Gharama ya pili ni safari. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inataka kibali kwa kutoka nje ya kambi. Mtu anayetoka bila kibali ili akaone wakili mjini anaweza kulala mahabusu, na faini ikazidi ada ya wakili. Omba kibali kwa Mkuu wa Kambi ukieleza sababu.

Gharama ya tatu haihesabiwi kwa shilingi, nayo ndiyo tunayoiogopa zaidi. Kuna watu wanaoshauriwa waende kwenye ubalozi wa nchi waliyoikimbia ili wakathibitishiwe wosia, au wavuke ziwa kimya kimya wakaandikie huko mbele ya ofisa na kurudi. Mkataba, katika kifungu cha 1, unasema mtu aliyejiweka tena kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kuacha kuhesabiwa mkimbizi. Si kila hatua ya ubalozini humfikisha mtu huko, lakini usiende bila kwanza kuzungumza na ofisi ya msaada wa kisheria au UNHCR. Kifungu cha 25 kiliwekwa kwa ajili ya shida hii: karatasi ambazo mtu wa kawaida angezipata kwa nchi yake, mkimbizi asaidiwe kuzipata kwa nchi iliyompokea, kwa ada ya wastani, na asiye na uwezo aweze kusamehewa.

Na ya kutoandika je? Mama mmoja jirani yetu alifiwa na mume hapa kambini. Marehemu alikuwa mtu wa kusema "tukirudi nitawaonyesha". Baada ya matanga, simu ilitoka upande wa pili: shemeji ameuza parseli kwa sababu "hakuna karatasi inayosema ni ya watoto". Mama huyo ana watoto watano wenye haki ya robo tatu. Ili kuidai anatakiwa apate cheti cha kifo, uthibitisho wa ndoa, mashahidi walioko ng'ambo, mtu wa kumwakilisha huko, na nauli ya mtu huyo. Hajaweza. Hakukosa sheria ya kumtetea. Alikosa karatasi moja ya daftari.

Wosia wa mdomo upo, lakini usiutegemee. Kwa mila za Tanzania unahitaji mashahidi wanne, na kwa Kongo ni wa mtu aliye katika hatari ya kufa. Mashahidi wa kambini huhama: mmoja anapelekwa nchi nyingine, mwingine anarudi nyumbani, mwingine anatangulia kaburini.

Ukishaandika, weka wosia ndani ya bahasha na mfuko wa nailoni, kwa sababu mvua za huku hazibagui nyumba. Mwambie msimamizi uliyemtaja mahali ulipo. Toa fotokopi, umpe mtu asiyekaa nyumba moja nawe. Ukibadili mawazo usikwaruze wala kufuta maneno. Andika mwingine, utaje kwamba wa zamani umefutwa, utie tarehe mpya.

Ofisi ya msaada wa kisheria hupokea watu siku za kazi na haitozi kitu. Njoo na kitambulisho chako na karatasi yoyote uliyo nayo ya mali. Anayekuomba fedha kwa jina la shirika au la ofisi, tuletee habari zake. Mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea amtume mtu kwa kiongozi wa kijiji, nasi tutafika nyumbani kwake. Kalamu tutakuja nayo. Mashahidi uwe umekwisha kuwaita.