Juisi ya kutengenezea pombe ya matufaha

Pombe ya matufaha, yaani saida, hutokana na juisi na hamira tu, kwa hiyo ubora wa juisi huamua karibu kila kitu. Katika Somerset na Herefordshire, Uingereza, wazoefu hukamua matufaha maalumu kama Dabinett na Kingston Black, yenye ukakasi usiovumilika mdomoni. Anayeanza hana haja ya kuyasaka. Juisi ya pakiti kutoka dukani inatosha, ilmradi lebo isomwe kabla ya kutazama bei.

Cha kwanza kutafutwa kwenye lebo ni vihifadhi. Potasiamu sorbeti, ambayo lebo nyingi huiandika E202, na sodiamu benzoeti, E211, huwekwa makusudi ili hamira isizaliane. Sorbeti haiui hamira. Huizuia kuongezeka, na kwa hiyo juisi hukaa siku nyingi bila povu huku mtengenezaji akidhani kosa ni la hamira yake. Kuichemsha juisi hakusaidii, kwani vihifadhi hivi haviondoki na mvuke. Juisi ya namna hiyo iachwe dukani. Vitamini C, inayoandikwa asidi askobiki au E300, haina madhara yoyote kwa uchachushaji. Hata juisi iliyopashwa moto kiwandani haina tatizo: joto huua vijidudu, kisha huisha, lisibakize kitu cha kuizuia hamira itakayotiwa baadaye.

Kinachofuata ni sukari. Lebo ikionyesha gramu 10.5 kwa kila mililita 100, lita moja ina gramu 105. Takribani gramu 17 za sukari katika lita hutoa asilimia 1 ya kileo, hivyo juisi hiyo itafikia kama asilimia 6 bila kuongezwa chochote. Vinywaji vyenye ladha ya tufaha na nekta zilizochanganywa na maji havifai, hata picha kwenye pakiti ikivutia namna gani. Juisi iliyotokana na juisi nzito na kurudishiwa maji inafaa, ingawa harufu yake hupungua kidogo.

Udhaifu wa juisi ya dukani upo kwenye tanini. Hukamuliwa kutoka kwa matufaha ya kula, yenye sukari na asidi ya kutosha lakini ukakasi haba, na hamira ikishamaliza sukari yote kinywaji hubaki chepesi, kama maji yenye uchachu. Kikombe kimoja cha chai ya rangi iliyokolea, kikitiwa katika lita nne au tano, huziba pengo hilo vizuri.

Juisi angavu na ya ukungu zote huchachuka. Ya ukungu huwa na ladha nene zaidi, ila pektini yake huweza kuacha pombe isiyong'aa. Kimeng'enya cha pektinesi, kikitiwa mapema, huivunja.

Juisi mbichi ya shambani ina hamira zake za asili na matokeo yake hayatabiriki. Isitumike ikiwa imetokana na matunda yaliyooza, kwa sababu ukungu wa uozo hutoa sumu ya patulini.

Kwa mara ya kwanza, lita 4 za juisi angavu katika dumu la lita 4.5 zinatosha, na nafasi inayobaki ni ya povu la siku za mwanzo.