Sheria Ipo, Likizo Haina Mshahara



Kina mama wa mashambani na viwandani hutuuliza kama mwanamke aliyekatwa ziwa kwa sababu ya kansa anaweza kutengenezewa jingine. Anaweza. Madaktari hutia mfuko wa silikoni kifuani chini ya ngozi, au huchukua nyama na mafuta ya tumbo la mgonjwa mwenyewe na kuyahamishia kifuani. Njia hii ya pili ni operesheni ya saa nyingi, inataka daktari bingwa, na mgonjwa hukaa majuma kadhaa bila kunyanyua kitu kizito.

Tuitazame Marekani, nchi tajiri. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria kwamba bima ya kazini inayolipia kukata ziwa lazima ilipie pia kulitengeneza upya, kulisawazisha la pili, ziwa la bandia la kuvaa, na matibabu ya mkono unaovimba baada ya operesheni. Ukisoma hivyo utadhani mwanamke wa kiwandani na mke wa tajiri wake wamekuwa sawa. Bado kabisa. Sheria hiyo inamfaa aliye na bima tu, na hata huyo hutoa sehemu ya gharama mfukoni mwake. Maskini, wanawake weusi na wakazi wa vijijini walio mbali na mabingwa ndio wanaoikosa zaidi huduma hii.

Lakini mwiba mkubwa, kwa maoni yetu, ni siku za kazi. Sheria yao ya likizo ya mwaka 1993 inatoa majuma 12 kwa ugonjwa mzito, tena bila mshahara, na mwajiri binafsi mwenye watu chini ya 50 haimgusi. Anayelisha watoto kwa ujira wa juma atakaaje nyumbani mwezi na zaidi? Na mara nyingi operesheni moja haitoshi. Basi hutia kitambaa ndani ya sidiria akarudi kwenye mashine. Wako wanaochagua wenyewe kubaki hivyo, nao tunawaheshimu. Sisi tunamsemea yule ambaye hakupata nafasi ya kuchagua.

Kwetu jambo la kudai kwanza ni dogo kuliko hilo. Mchuma chai aliyeondolewa tezi za kwapani anaweza kuvimba mkono, hata baada ya miaka. Asirudishiwe kikapu mara tu kidonda kinapofunga. Tunataka mkataba wa hali bora za kazi utaje likizo ya ugonjwa yenye malipo, na kazi nyepesi kwa ujira ule ule. Matawi yajadili kifungu hiki na kamati za kina mama, kisha yatuletee maoni kabla hatujakutana na waajiri.