Meno na Taya za Mtu Mwenye Mifupa Myepesi Kuvunjika



Mwezi uliopita mkulima mmoja wa hapa Iftin alifika ofisini kuuliza mbegu za nyanya, shavu amelifunga kitambaa, hata maneno hayatoki sawasawa. Mtu huyu tangu utoto huvunjika mifupa kwa jambo dogo, na kwa miaka kadhaa hudungwa dawa ya kukaza mifupa. Jino lilipomwuma aling'olewa sokoni. Mng'oaji hakuuliza neno, naye hakusema neno. Majuma tisa yalikuwa yamepita, kidonda hakijafunga, na mfupa wa taya waonekana. Basi nyanya zingoje kidogo.

Ugonjwa wake madaktari huuita osteojenesisi imperfekta. Mtu huzaliwa nao. Hauambukizi, wala si laana. Tazama nyumba ya udongo: fito hushika, udongo hujaza. Katika mfupa, fito ni nyuzi ziitwazo kolajeni, na udongo ni madini ya kalisi. Kwa mgonjwa huyu fito ni chache au mbovu. Hata akinywa maziwa ya ngamia kutwa, ni kukandika udongo tu. Maziwa ni mema, lakini hayaongezi fito.

Jino nalo lina nyuzi hizo chini ya gamba lake gumu. Kwa baadhi ya wagonjwa, si wote, sehemu hiyo ya ndani ni dhaifu, basi gamba humeguka kama lipu juu ya ukuta mbovu. Jino huwa la kijivu, buluu au kahawia, kisha hulika mpaka karibu na ufizi. (Si kila jino la kahawia ni la ugonjwa huu: maji yenye floraidi nyingi, kama ya sehemu za Nakuru na Naivasha, hutia rangi hiyo pia.) Tena mara nyingi taya ya chini hutokeza mbele, na meno hayakutani vizuri katika kutafuna.

Kwa hiyo, ukiwa na ugonjwa huu, usikate kwa meno uzi wa gunia la mbolea, wala usifungue soda. Muwa ukate vipande kwa kisu. Miraa huichosha taya kwa saa nyingi, na soda inayoandamana nayo huozesha meno. Mswaki wa mti, ambao Wasomali huuita caday, wafaa sana. Lainisha ncha kwanza, usisugue kwa nguvu.

Sasa habari ya dawa. Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa daima. Dawa kama zoledroneti ya kudungwa, au vidonge vya alendroneti, hupunguza ubomoaji huo ili mfupa usipungue. Lakini jino likitoka, taya yahitaji kubomoa kidogo ndipo ijenge upya. Kwa watu wachache, kazi hiyo hukwama na kidonda hakifungi. Usiache dawa mwenyewe ukidhani utaepuka jambo hili, kwani hukaa mifupani kwa miaka.

Kama hujaanza dawa, tazamwa kinywa kwanza, na meno yasiyoponyeka yang'olewe mapema. Kama umeanza, kuziba na kusafisha meno hakuna hofu kubwa. Ikibidi kung'oa, nenda hospitali, wala si sokoni. Chukua kadi yako ya kliniki, umwambie daktari wa meno mambo matatu: jina la ugonjwa, jina la dawa, na mwaka ulioanza. Akijua, ataishika taya kwa mkono anapong'oa, maana taya yenyewe yaweza kuvunjika. Mfupa ukionekana, usaha ukitoka, au mdomo wa chini ukifa ganzi, rudi upesi.

Mkulima wetu sasa anatibiwa, husukutua kwa dawa asubuhi na jioni. Mbegu zake za nyanya mwanawe alikuja kuzichukua Jumatatu.