Utamaduni wa kampuni: Mali isiyoonekana katika mizania

MIZANIA ya kampuni huonyesha fedha taslimu, madeni, majengo na mitambo. Haionyeshi wafanyakazi wanatendeana vipi, wanamhudumia vipi mteja, wala wanafanya nini bosi akiwa hayupo. Hata hivyo, kwa kampuni changa inayokua haraka, kitu hicho kisichoandikwa kinaweza kuongeza au kupunguza thamani ya kampuni kwa mabilioni ya dola.

Kampuni mbili za Marekani zinalionyesha jambo hilo kutoka pande mbili. Ya kwanza ni Zappos, inayouza viatu kwa njia ya intaneti. Ya pili ni Uber, ambayo wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaifahamu kwa huduma yake ya kuita teksi kwa simu. Zote mbili zilikua mbio, na zote mbili ziliandika misingi yao ya kazi. Tofauti ilikuwa katika namna misingi hiyo ilivyotumika wakati wa kuajiri, kupandisha vyeo na kufukuza.

Hesabu ya ukuaji

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye hesabu rahisi. Chukua kampuni yenye watu 10 ambayo kila mwaka idadi ya wafanyakazi inaongezeka maradufu. Baada ya mwaka mmoja watakuwa 20, kisha 40, kisha 80, na mwaka wa nne 160. Hata kama hakuna aliyeacha kazi, waanzilishi ni mtu mmoja tu katika kila watu 16. Kila mwisho wa mwaka, nusu ya wafanyakazi wote hawajatimiza miezi 12 kazini.

Maana yake ni kwamba desturi ya kampuni haiwezi kurithishwa kwa kukaa pamoja tu. Watu 10 katika chumba kimoja huona jinsi mwenye kampuni anavyojibu simu ya mteja mwenye hasira, nao hufanya hivyo hivyo. Mtu wa 160 hajawahi kumwona. Anachojifunza ni kile anachokiona kwa msimamizi wake, ambaye huenda naye ameajiriwa miezi sita tu iliyopita.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaijua hali hii. Mwenye duka aliyeanza na mdogo wake na shemeji yake hana haja ya kuandika kanuni, kwani wote wanajua anachotaka. Anapofungua tawi la tatu na kuajiri watu asiowafahamu, ndipo hesabu zinapoanza kupishana na wateja kulalamika.

Marafiki walipokwisha

Tony Hsieh, aliyeiongoza Zappos kwa takriban miaka 20, alijifunza somo hilo katika kampuni yake ya awali. Mwaka 1996 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa LinkExchange, kampuni ya matangazo ya intaneti, ambayo iliuzwa kwa Microsoft mwaka 1998 kwa dola za Marekani milioni 265.

Kwa macho ya soko, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini Hsieh alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2010 kwamba wafanyakazi wa kwanza walikuwa marafiki, na marafiki walipokwisha, kampuni iliajiri watu wenye ujuzi bila kuangalia walikuja kutafuta nini. Kufikia watu 100 hivi, mwenye kampuni mwenyewe alikuwa hana hamu ya kuamka kwenda kazini. Baada ya mauzo aliondoka mapema, akaacha sehemu ya fedha ambazo angelipwe kama angebaki.

Zappos, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilipoanza kupanuka, Hsieh hakutaka kurudia kosa hilo. Mwaka 2005 aliwaandikia wafanyakazi wote akiwauliza misingi ya kampuni iwe ipi. Orodha ya kwanza ilikuwa na mambo 37. Baada ya mashauriano ya karibu mwaka mzima yakabaki 10, miongoni mwake kumpa mteja huduma inayomshangaza, kufanya mengi kwa kidogo, na kuwa mnyenyekevu.

Dola 2,000 za kuondoka

Kuandika orodha si kazi ngumu. Zappos iliifunga orodha hiyo na maamuzi ya kila siku. Kila mwombaji wa kazi alifanyiwa usaili mara mbili: mmoja wa kupima ujuzi na mwingine wa kupima kama anafaa kwa misingi ya kampuni. Aliyeshinda wa kwanza na kushindwa wa pili hakuajiriwa.

Msingi wa unyenyekevu, kwa mfano, ulikuwa na kipimo chake. Waombaji waliotoka nje ya Las Vegas, mji yalipo makao makuu, walipokelewa uwanja wa ndege na gari la kampuni. Baadaye dereva aliulizwa walimtendeaje. Aliyemdharau dereva alikosa kazi, hata kama aliwaridhisha mabosi.

Walioajiriwa walipitia mafunzo ya wiki nne, zikiwemo wiki mbili za kupokea simu za wateja. Mhasibu na mwanasheria hawakusamehewa. Katika mafunzo hayo kampuni iliwapa nafasi ya pekee: anayetaka kuacha kazi alipwe siku alizofanya, na juu yake apewe dola 2,000. Waliochukua fedha hizo walikuwa wachache sana.

Kwa mtazamo wa kwanza, kumlipa mtu aondoke ni hasara. Lakini mfanyakazi asiyeipenda kazi hugharimu zaidi kwa mishahara, makosa na wateja wanaohama. Aidha, anayeikataa dola 2,000 amejiamulia mwenyewe kubaki, na siku inayofuata anafanya kazi kwa moyo mwingine.

Mauzo ya Zappos yalikuwa dola milioni 1.6 mwaka 2000. Mwaka 2008 yalipita dola bilioni moja. Mwaka 2009 Amazon iliinunua kwa makubaliano ambayo hadi kukamilika yalikuwa na thamani ya takriban dola bilioni 1.2, na Zappos ikaruhusiwa kuendelea kujiendesha kwa misingi yake.

Misingi 14 ya Uber

Uber, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2009, haikukosa misingi. Chini ya Mkurugenzi Mtendaji wake wa wakati huo, Travis Kalanick, ilikuwa nayo 14. Baadhi ilisifu kuhangaika bila kuchoka. Mingine iliruhusu watu kukanyagana vidole ili wazo bora lishinde, na kukabiliana waziwazi kwa sababu ya msimamo. Kwa watu wachache wanaoaminiana, maneno kama hayo yanaweza kuleta ukweli mezani. Katika kampuni ya watu zaidi ya 10,000, wengi wao wageni, yakawa kinga ya wababe.

Februari 2017 Susan Fowler, mhandisi aliyekuwa ameacha kazi Uber, alieleza hadharani kwamba aliripoti kutongozwa na msimamizi wake. Alijibiwa kwamba msimamizi huyo ni mchapakazi hodari na hilo ni kosa lake la kwanza. Baadaye akakutana na wanawake wengine waliowahi kuripoti habari za mtu huyo huyo.

Hapo ndipo ilipoonekana kanuni halisi ya kampuni, ambayo haikuwemo katika zile 14: anayeleta matokeo hasumbuliwi. Mfanyakazi mgeni huisoma kanuni ya aina hiyo haraka kuliko waraka wowote wa menejimenti.

Juni 2017 kampuni iliwafukuza kazi zaidi ya watu 20 kufuatia uchunguzi wa malalamiko 215. Wanasheria walioongozwa na Eric Holder, Mwanasheria Mkuu wa zamani wa Marekani, walipendekeza misingi iandikwe upya na ile iliyotumika kuhalalisha tabia mbaya ifutwe. Mwezi huo huo wawekezaji wakubwa, ikiwemo Benchmark, walimtaka Kalanick ajiuzulu, naye akajiuzulu.

Gharama yake

Soko lilitoza bei. Mwaka 2016 thamani ya Uber ilikadiriwa kuwa dola bilioni 68 hivi. Januari 2018 SoftBank ya Japani na washirika wake walikamilisha ununuzi wa hisa kutoka kwa wanahisa wa zamani kwa bei iliyoipa kampuni thamani ya dola bilioni 48, yaani pungufu kwa karibu asilimia 30. Si punguzo lote lililotokana na utamaduni wa kazi, kwani hasara na mivutano na mamlaka za usafiri pia vilichangia. Lakini mwaka huo wa misukosuko uliwapa wanunuzi nguvu ya kushusha bei.

Yapo pia malipo ya wazi. Septemba 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 148 kwa kuficha wizi wa taarifa za wateja na madereva uliotokea mwaka 2016. Desemba 2019 ilikubali kutenga dola milioni 4.4 kwa waathirika wa unyanyasaji wa kijinsia na ulipizaji kisasi kazini.

Mkurugenzi mpya, Dara Khosrowshahi, aliingia Agosti 2017 na kuwashirikisha wafanyakazi kuandika misingi mipya. Yalipokelewa mapendekezo 1,200, yakapigiwa kura zaidi ya mara 22,000, na Novemba 2017 ikatangazwa misingi minane. Mmojawapo ulikuwa kutenda lililo sahihi, basi. Kazi ambayo Zappos iliifanya ikiwa bado ndogo, Uber iliifanya ikiwa na maelfu ya watu, kesi mahakamani na wanahisa wenye hasira. Samaki mkunje angali mbichi.

Si kinga ya kila kitu

Hata hivyo, utamaduni mzuri hauhakikishi kwamba kila uamuzi utakuwa mzuri. Mwaka 2015 Zappos yenyewe ilipoamua kuondoa vyeo vya mameneja, iliwapa wafanyakazi nafasi ya kuondoka kwa malipo. Watu 210, sawa na asilimia 14, waliondoka. Misingi waliyoijenga pamoja mwaka 2005 haikuwalazimisha kukubali mfumo mpya ulioletwa kutoka juu.

Iko hatari nyingine. Kampuni inayopima kama mtu "anafaa" inaweza kuishia kuajiri watu wa shule moja, kabila moja au mtaa mmoja. Ndiyo maana kipimo kinatakiwa kiwe tendo, kama lile la dereva wa uwanja wa ndege, wala si kufanana na bosi.

Wenye kampuni wafanye nini

Kwa mwenye kampuni changa, mambo matano yanajitokeza katika mifano hii. Kwanza, misingi iandikwe kabla waanzilishi hawajawa wachache kuliko wageni, na wafanyakazi washirikishwe kuiandika. Pili, kila msingi uwe na kipimo kinachoonekana, usiopimika uondolewe. Tatu, msingi uingie katika usaili, katika mafunzo na katika kupandisha vyeo.

Nne, malalamiko yasiishie kwa msimamizi anayelalamikiwa. Iwepo njia ya kumfikia mtu mwingine mwenye mamlaka, na majibu yatolewe. Tano, muuzaji bora anapovunja misingi achukuliwe hatua sawa na karani. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu hasara yake inaonekana mwezi huo huo katika mauzo, ilhali faida yake huonekana baada ya miaka.

Mwekezaji naye ana swali moja la kuuliza kabla ya kutoa fedha zake: mtu wa mwisho aliyepandishwa cheo hapa alipandishwa kwa sababu gani, na wa mwisho aliyefukuzwa alifukuzwa kwa sababu gani? Majibu ya swali hilo ndiyo misingi ya kampuni, hata kama ukutani imeandikwa mingine.