Historia, historiografia na masimulizi

Neno *historia* hubeba maana mbili: mambo yaliyopita na maelezo yanayotolewa juu yake. *Historiografia* ni taaluma inayochunguza hayo maelezo: mwandishi alichagua ushahidi gani, aliupimaje, na aliupangaje wakati. Baadhi ya wafasiri huandika *uandishi wa historia*, lakini fungu hilo hutaja kitendo, si taaluma. Ni afadhali kuandika *historiografia* na kuifafanua inapotajwa mara ya kwanza.

Waandishi wa zamani wa pwani hawakuhitaji istilahi hizo. Abdallah bin Hemedi alipoandika juu ya watawala wa Usambara, kitabu kiliitwa *Habari za Wakilindi*. Neno la Kiarabu lililotupatia *tarehe* humaanisha pia historia. Kiswahili cha leo kimebaki na siku, mwezi na mwaka.

Upungufu huo wa maana una athari mtu anapotafsiri masimulizi ya Wakuria wa Tarime na wa vijiji vya karibu na Mugumu. Kwao kila mtu huzaliwa ndani ya *irikora*, na jina la irikora hutokana na lile la baba. Mwana wa Saai ni Nyambureti, mjukuu ni Gamunyere, kitukuu ni Maina, na mtoto wa kitukuu hurudi kuwa Saai. Upande wa pili una mzunguko wake: Mairabe, Gini, Nyangi, Chuma.

Kamusi humshawishi mfasiri aandike *rika*. Asifanye hivyo. Rika ni la waliolingana umri, au waliotiwa jandoni pamoja. Irikora moja yaweza kuwa na mzee na mtoto mchanga. *Kizazi* linakaribia zaidi, ingawa nalo halionyeshi mzunguko.

Sasa mzee akisema jambo fulani lilitokea "wakati wa Maina", ni Maina yupi? Jina hurudi kila baada ya vizazi vinne. Mwanahistoria anaweza kukadiria miaka kwa kuhesabu vizazi, na ana haki ya kufanya hivyo, mradi aonyeshe hesabu yake. Mfasiri hana haki hiyo. Akiandika "mnamo mwaka 1870", amemwekea mzee mdomoni makisio ya mtu mwingine, na msomaji hana tena njia ya kuyahoji. Tafsiri salama ni: *wakati wa kizazi cha Maina*, pamoja na tanbihi.

Jan Bender Shetler, aliyetafiti kumbukumbu za jamii za magharibi mwa Serengeti kama Wanata na Waikoma, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2007 kwamba masimulizi mengi huko hupangwa kwa mahali kuliko kwa miaka: kilima, chemchemi, mahame. Kwa hiyo orodha ya majina ya mahali si pambo la kufupishwa. Mfasiri anayeyaruka ili "kufikia tukio" huwa ameondoa uti wa mgongo wa simulizi.

*Mapokeo* litumike kwa yale yaliyorithishwa kizazi hadi kizazi. *Ushuhuda* kwa yale aliyoyaona msimulizi mwenyewe. *Masimulizi* hukusanya yote mawili, na ndiyo maana halitoshi pale chanzo kinapopimwa.