Gari Limepona, Fundi Yuko Kitandani



Asubuhi ukiingia kazini unavaa kofia, viatu vya chuma na miwani. Shefu wa usalama anakuangalia, nawe unamwogopa. Lakini siku ya posho mchana, ukiisha kurudi nyumbani, unavua vyote, unavaa kaptula na kamambili, unalala chini ya pikapu yako ya zamani. Pale hakuna shefu wa kukukaripia. Siku chache baadaye ninakuona kwenye dispansere, nawe unaniambia: «Munganga, ni malaria.»

Leo sitakueleza habari za mgodini. Nitakueleza niliyoyaona Pepa, nilipokuwa likizo.

Pepa iko juu katika milima ya Marungu, nchi ya ng'ombe. Ziwa Tanganyika liko chini kabisa, karibu metre 770 juu ya bahari. Milima ya Marungu inapita metre 2,000. Mtu wa Kalemie akifika kule mwezi wa saba anatafuta koti kabla ya kutafuta chakula. Kumbuka baridi hiyo, kwani ndiyo iliyoleta shida yote.

Baba mmoja wa kule, dreva wa mgodi wa zamani, alikuwa akitengeneza Land Rover pikapu. Aliinunua siku kampuni yake ilipouza magari yaliyochoka. Wengi husema mwili wa Land Rover hauliwi na kutu. Ni kweli nusu. Tangu 1948 mabati yake ya nje ni ya aluminiamu, kwa sababu chuma kilikuwa haba Uingereza kisha vita. Lakini shasi ni ya chuma, na ukuta ulio mbele ya miguu ya dreva ni wa chuma vilevile. Kutu inavila. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu nayo inageuka unga mweupe.

Baba huyu alikuwa fundi kweli. Alikata sehemu zilizooza, akaunga mpya, akanyoosha milango kwa nyundo ya mti, akasafisha vishikio vya milango mpaka vikang'aa. Nilimsifu, na bado ninamsifu. Lakini mastiki na rangi hazikaushwi vema na baridi ya Marungu. Basi jioni moja akafunga mlango wa banda, akaziba nafasi za chini kwa magunia, akaweka mbabula mbili za makala katikati, yeye na mtoto wa dada yake wakaendelea kupaka rangi.

Saa tatu ya usiku waliniita. Kijana alikuwa amelala chini, kichwa kinamwuma, anatapika, hajui anasema nini. Baba mwenyewe aliyumba kama mlevi. «Malaria hii ni kali, munganga,» akaniambia. Nikamjibu: «Baba, malaria gani inayoshika watu wawili saa moja, tena ndani ya banda moja?» Tukamtoa kijana nje, tukafungua mlango wote, tukamwaga maji kwenye makala. Hewa ya baridi ile ile waliyoikimbia ndiyo iliyomrudisha. Kichwa kilimwuma siku mbili. Kama wangelala mle mpaka asubuhi, tungechimba makaburi mawili.

Jua, ndugu, ya kuwa makala yanayowaka bila moshi hutoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Hewa hiyo inashika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko hewa njema tunayovuta. Damu ikijaa hiyo, ubongo unakosa hewa, na mtu hana hata nguvu ya kufika mlangoni. Ukimkuta mwenzako hivyo, fungua mlango, mvute nje upesi, mlaze upande kama amezimia, mpeleke kwenye oksijeni. Usimnyweshe kitu. Nawe usikae ndani kutafuta viatu vyake.

Tena walikuwa na bahati ya pili. Mvuke wa esansi na wa dawa ya kuyeyusha rangi ni mzito kuliko hewa. Hautoki kwa dirisha la juu. Unatambaa chini kama maji mpaka unakuta moto. Bidoni yao ilikuwa hatua nne tu kutoka kwenye mbabula.

Kesho yake nilizunguka banda mchana. Nje, upande wa jua, niliona mambo yaliyonitisha kuliko yale ya usiku. Pikapu ile ilikuwa ya manjano, rangi ya kampuni, na shasi yake ilipakwa miniamu nyekundu zamani. Baba aliikwangua yote ikiwa kavu. Vumbi la manjano na jekundu lilikuwa limelala uani, na wajukuu wake wawili walikuwa wakipika ugali wa mchezo kwa vumbi hilo. Juu yao nguo za mtoto zilikuwa zikikauka kwenye kamba.

Miniamu ni risasi. Rangi nyingi za manjano za zamani zilikuwa na risasi pia. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina hatari, na mtoto mdogo anaposhika risasi mdomoni mwili wake unapokea mara 4 au 5 kuliko wa mtu mzima. Haimwangushi siku hiyo. Tumbo linamwuma, choo kinakuwa kigumu, damu inapungua, na shuleni anabaki nyuma. Wewe unamchapa ukisema ni mvivu. Nasi wakubwa risasi inakaa katika mifupa yetu miaka mingi.

Kwa hiyo kwangua rangi ya zamani kwa msasa wa maji, si kavu. Usiichome kwa moto. Tandaza hema chini, kusanya matope yote ndani ya mkebe wenye kifuniko, mbali na shamba na kisima. Watoto wakae mbali. Kabla ya kuingia nyumbani vua nguo zile na uoge. Bibi yako asizifue pamoja na nguo za mtoto. Wala usipulize mchanga kwa kompresa ili kuondoa kutu. Wewe mtu wa mgodi unalijua vumbi la mawe linavyofanya mapafu, usilitengeneze mwenyewe uani.

Sasa habari ya maziwa. Pepa maziwa hayakosekani, na baba alikuwa na kopo lake karibu: kila akiisha kulehemu (kusude, kama tunavyosema garajini) alikunywa «ili kuondoa moshi». Kingo za sanduku la nyuma la Land Rover yake zimepakwa zinki. Ukizilehemu, moshi mweupe wa zinki unakupa homa jioni, baridi na jasho, ladha ya chuma mdomoni. Kesho au kesho kutwa inapoa. Hapo tena watu husema malaria. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kwenye mapafu, havikutani. Ondoa zinki kwanza, lehemu nje, simama upande upepo unapotoka. Na macho yakikuwasha usiku kama yana mchanga kwa sababu hukuvaa kioo, usiyatie maziwa ya mama. Njoo dispansere.

Dawa ya kugandisha mastiki, ile ya tyubu ndogo, ikiruka jichoni osha kwa maji safi dakika 15 kamili, kisha njoo upesi. Inaweza kupofusha. Tangi la esansi usililehemu kamwe, hata likiwa tupu: tangi tupu limejaa mvuke. Na rangi ya kuchanganya na kigandishi chake, inayopulizwa kwa bastola, uiache kwa garaji zenye hewa ya mpira kwa mpulizaji. Inaleta pumu isiyoondoka, na kitambaa puani hakizuii mvuke.

«Basi nitapaka nini?» baba akaniuliza kwa hasira kidogo. Nikamwambia: rangi ya kawaida, kwa brashi, nje, toka saa nne asubuhi mpaka saa tisa, jua likiwapo. Mistari ya brashi itaonekana? Itaonekana. Land Rover haikuzaliwa kwa kwenda harusi.

Nilipoondoka Pepa mlango mmoja ulikuwa umekwisha, kijani kibichi, umeegemezwa ukutani kwenye jua. Hema lilikuwa chini. Mlango wa kushoto ulikuwa unangoja, kwani siku ile mawingu yalifunika Marungu tangu asubuhi, na baba alikuwa ameketi mlangoni mwa banda, amefungua mbao zote mbili, akinywa maziwa yake.